Hamsini na Mbili Toa Ishirini na Saba

Mwandikie mtoto wa darasa la pili 52 − 27 ubaoni. Kuna uwezekano mkubwa atakuletea 35. Kwenye mamoja ameona 2 na 7, akatoa ndogo kwenye kubwa, akapata 5. Kwenye makumi 5 toa 2, akapata 3. Ukimfuatilia, kila alichotoa amekitoa sawasawa, ila hilo silo swali aliloulizwa. Sisi tunaweka alama ya kosa kwa kalamu nyekundu, tunachukua daftari linalofuata.

Jibu hilo la 35 nilikaa nalo wiki nane za TP mwaka jana, kwenye shule moja ya msingi ya serikali mkoani Mwanza. Haya ninayoandika ni kwa wenzangu wa ualimu mnaosubiri kupangiwa vituo. Watu wa sheria na uhandisi nanyi karibuni, mna wadogo zenu nyumbani.

Kwanza mazingira, maana kwenye lecha huwa hayatajwi. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Mimi nilikabidhiwa 96, wanne wanne kwenye dawati, na kipindi cha darasa la kwanza na la pili ni dakika 30. Ukitoa dakika za salamu, za kufuta ubao na za kumsikiliza aliyenyang'anywa penseli, unabaki na kama 20. Kwa hali hiyo ni rahisi sana zana ya kufundishia ikawa pambo. Tunaijua wote ile karatasi ya manila yenye maembe ya rangi: msimamizi wa TP akitia mguu inabandikwa, akiondoka inakunjwa. Au unaita watoto watatu mbele wahesabu vizibo vya soda, 93 waliobaki wanatazama. Kwenye andalio la somo tunaandika "wanafunzi watahesabu kwa vitendo". Wanafunzi gani? Wale watatu.

Nilichofanya hakikuwa na gharama. Kila mtoto alileta vijiti 15 vya urefu wa kidole, wengi walivikata kwenye mabua ya mtama. Dawati la watoto wanne likawa na vijiti 60, zaidi ya vinavyohitajika kwa swali la 52. Kwa fundi baiskeli niliomba tyubu iliyochakaa, nikaikata mikanda myembamba ya kufungia. Kumi kumi zikafungwa, seti ya kila dawati ikaingia kwenye kopo lake, na makopo yakakaa nyuma ya darasa yakiwa na namba. Siku za mwanzo kugawa na kukusanya kulikula karibu nusu ya kipindi. Baada ya wiki mbili kila dawati lilikuwa na mtu wake wa kopo, na kazi ikawa ya dakika mbili. Msikate tamaa siku hizo za mwanzo, zina kelele kweli.

Sasa rudi kwenye swali. Dawati linaweka 52: mafungu matano na vijiti viwili vilivyo huru. Unawaambia watoe 27. Mafungu mawili yanatoka bila shida. Halafu vijiti saba, na mezani vipo viwili. Hapo darasa linanyamaza, na ukimya huo ndio somo lenyewe, usiuharakishe. Kwenye daftari mtoto anaweza kugeuza 2 toa 7 ikawa 7 toa 2. Kwenye vijiti hawezi, havipo. Atazamie mezani mpaka mmoja aulize, "Mwalimu, tufungue hili?" Wanafungua fungu moja, wanapata vijiti huru 12, wanatoa saba, vinabaki vitano. Mafungu yamebaki mawili. 25.

Na kila kinachofanyika mezani kiandikwe palepale. Fungu likifunguliwa, mwandishi wa dawati anakata 5 na kuandika 4 juu yake, na ile 2 inakuwa 12. Hili ndilo linalosahaulika sana. Bruner tunayemkariri kwa ajili ya UE alieleza tangu miaka ya 1960 kwamba mtoto huielewa dhana kwa kutenda, kwa picha na kwa alama. Wengi tunasoma hivyo kama ngazi tatu za kupanda wiki tatu tofauti. Ukiacha vijiti viwe somo la Jumatatu na tarakimu ziwe somo la Alhamisi, mtoto atadhani ni vitu viwili visivyojuana. Mwalimu mwenyeji wa darasa lile aliniambia siku ya kwanza, "Ticha, kwenye upimaji hawaingii na makopo." Ana haki. Darasa la nne kuna upimaji wa kitaifa, na pale mtoto yuko peke yake na karatasi. Ndiyo maana mkono mmoja uwe kwenye kijiti na mwingine kwenye penseli.

Kuna neno nilianza kuliogopa: kukopa. "Mbili toa saba haiwezekani, tunakopa kwa jirani." Tumefundishwa hivyo sote. Kijana mmoja wa dawati la nyuma akaniuliza, "Tukikopa, tunarudisha lini?" Watoto wakacheka, lakini swali lake lina akili kuliko maelezo yetu, maana nyumbani kwao anayekopa hudaiwa. Hapa hakuna mkopo wala jirani, kuna kumi moja imefunguliwa ikawa mamoja kumi. Mtaani tayari tuna neno lake. Mtu mwenye noti kubwa anasema "nivunjie hii". Tukaanza kusema kuvunja kumi, na sikusikia tena mtoto akiuliza deni.

Lakini jambo lililonishughulisha kuliko yote ni majina ya namba zenyewe. Kumi na tatu inajieleza: kumi, na tatu. Ikifika ishirini, mtoto hasikii mbili ndani yake. Thelathini haina tatu, arobaini haina nne, hamsini haina tano. Majina haya yametoka Kiarabu, na huko mengi yana undugu na namba zake ndogo. Sisi tuliyachukua makumi, kwenye namba ndogo tukabaki na mbili, tatu, nne na tano zetu. Sitini, sabini na tisini zina nafuu kwa sababu hata sita, saba na tisa ni za Kiarabu. Kwa hiyo mtoto anayehesabu ishirini na nane, ishirini na tisa, ishirini na kumi, si mjinga hata kidogo. Amefuata kanuni, jina ndilo lililomwangusha.

Mimi mtu wa Morogoro, Kisukuma changu kinaishia kwenye salamu. Ila mapumzikoni nilimsikia binti mmoja akihesabu mawe ya mchezo, akasema makumi abili. Makumi mawili! Kinyume kabisa na ishirini, jina hilo limebeba hesabu yake wazi. Lugha ya kufundishia shule ya msingi ni Kiswahili na sikuivunja kanuni hiyo, lakini kuuliza hakukatazwi. Niliuliza darasa zima, nyumbani mnaitaje hamsini? Wakajibu kwa kelele, makumi atano. Basi nikawaambia hata kwa Kiswahili tunaweza kusema makumi matano, maana yake ni ileile hamsini. Kuanzia hapo kila namba tuliisoma mara mbili, kwa jina lake na kwa mafungu yake: hamsini na mbili, makumi matano na mbili. Watoto waliokuwa hawanyanyui mkono walianza kunyanyua, nadhani kwa sababu kwa mara ya kwanza walichokijua nyumbani kilihesabika darasani.

Ijumaa ya wiki ya saba tulifanya gulio la darasa, siku ambayo wazazi walikuwa na kikao shuleni. Bidhaa zilikuwa maembe mabichi, karanga na makopo matupu, pesa za maboksi tulizikata wenyewe. Nikaona kitu. Watoto waliokwama kwenye makumi walikuwa wanarudisha chenji ya mia mbili na mia tano bila wasiwasi. Mia mbili inasema mbili yake, na dukani wametumwa tangu wana miaka mitano. Mama mmoja muuza dagaa akasimama kwenye meza ya mwanawe, akanunua vya 650 kwa noti ya boksi ya elfu moja. Mtoto akaganda. Mama akamwambia, "Si uivunje kwanza?" Akaivunja, mia tisa upande huu, hamsini mbili upande ule, akamrudishia 350. Neno lile sikumfundisha mama yule.

Sifuri ndiyo iliyonishinda muda. Wiki ya mwisho nilitoa 60 − 27, na baadhi ya madawati yaliyokuwa yanaiweza 52 yalirudi kulekule, yakaandika 47. Kijiti huru hakuna hata kimoja, kwa hiyo mtoto haoni cha kuanzia, anaibeba 7 kama ilivyo. Anayekwenda msimu huu aanze na 40 − 16 mapema, wiki ya tatu hivi, na asiwape kabisa vijiti huru mezani, mafungu manne tu. Makopo 24 niliyaacha kwenye kabati la ofisi ya taaluma, na yule mwalimu mwenyeji ndiye mwenye ufunguo.