Mgeni naye ana haki mbele ya jaji

Wengi wetu hapa Woolwich tumekulia kwenye nchi zenye katiba iliyoandikwa. Mkenya anakumbuka tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa rais, na akifika huku anauliza mahakama ya katiba ya Waingereza iko wapi. Haipo. Kazi hiyo hufanywa na mahakama za kawaida, na silaha yako kubwa ni Sheria ya Haki za Binadamu ya 1998.

Sheria hiyo haiulizi uraia. Ushahidi tunao jirani, gereza la Belmarsh, ubavuni mwa Mahakama ya Woolwich. Desemba 2001, baada ya Marekani kushambuliwa na magaidi, Bunge liliruhusu mgeni anayeshukiwa ugaidi afungwe bila mashtaka wala kikomo, iwapo imeshindikana kumrudisha kwao. Raia aliyeshukiwa jambo lilelile hakuguswa. Wafungwa wakashtaki, na kesi ikafika Baraza la Malodi, ambalo majaji wake ndio waliokuwa mahakama ya mwisho wakati huo. Tarehe 16 Desemba 2004, kwa wingi wa majaji wanane dhidi ya mmoja, mahakama hiyo ilisema sheria inakiuka haki ya uhuru na inawabagua wageni. Kama hatari ni ileile, kwa nini huyu afungwe na yule aachwe? Kwangu hii ni hukumu ambayo kila mhamiaji anapaswa kuifahamu.

Ifahamu pamoja na mpaka wake. Jaji wa hapa hawezi kuibatilisha sheria ya Bunge kama afanyavyo mwenzake wa Nairobi. Hutamka kwamba inapingana na haki za binadamu, kisha Bunge ndilo liamue. Ndiyo maana milango ya Belmarsh haikufunguliwa siku ile. Sheria ilibadilishwa Machi 2005, na waliotoka wakawekewa amri kali za kuwadhibiti. Miezi mitatu ni mingi kwa mtu aliye ndani.

Uamuzi wa ofisi ni jambo jingine, maana huo jaji anaweza kuufuta. Halmashauri au Home Office ikikuamulia kinyume cha sheria, na njia ya rufaa hakuna, unaweza kuomba majaji waupitie. Peleka ombi upesi. Kwa kawaida ikipita miezi 3 umechelewa. Barua ya Home Office yenye haki ya rufaa haingoji hata miezi hiyo: ukiwa ndani ya nchi, una siku 14 tangu ilipotumwa. Basi soma tarehe yake kabla ya maneno mengine, na barua usiitupe.

Usimpe hela ndugu anayejaza fomu za uhamiaji mtaani bila kumwuliza usajili wake. Kutoa ushauri wa uhamiaji bila kuruhusiwa kisheria ni kosa la jinai, na fomu ikiharibika, jina lililoandikwa pale ni lako. Nenda kwa wakili, na kama kipato ni kidogo, mwulize kwanza kama kesi yako inagharamiwa na msaada wa kisheria wa serikali, kabla hujakopa.