Kusajili Land Rover Defender ya Zamani Marekani

Land Rover Defender inayotoka Uingereza kwenda Marekani hupita au hukwama kwa umri wake. Magari haya yaliundwa Solihull kwa masoko mengine na hayakidhi viwango vya usalama vya Marekani. Kuyabadilisha hadi yavikidhi ni gharama isiyolipa. Kampuni yenyewe iliuza Defender huko kwa muda mfupi, kati ya 1993 na 1997, ikaacha pale masharti ya mifuko ya hewa yalipokaza. Mlango uliobaki ni sheria ya mwaka 1988: gari lililotimiza miaka 25 halidaiwi viwango hivyo. Mamlaka ya mazingira, EPA, husamehe likifika miaka 21, mradi injini iwe ya asili au inayolingana nayo. Aliyefunga injini ya kisasa ya V8 ajue kwamba huenda ameufuta msamaha huo.

Miaka 25 huhesabiwa tangu mwezi gari lilipotoka kiwandani. Kadi ya gari ya Uingereza, V5C, huonyesha tarehe ya kuandikishwa kwa mara ya kwanza, na tarehe hizo mbili zaweza kuachana sana: Land Rover ya jeshi huandikishwa kiraia baada ya kuuzwa, pengine ikiwa imeshatumika miaka mingi. Kwa hiyo hutafutwa cheti kutoka kwenye kumbukumbu za mtengenezaji, kabla gari halijalipiwa.

Kisha huja namba ya chesisi, na hapa haifai kuharakisha. Ipo kwenye kibati kilichopigwa ribiti chini ya boneti, na imegongwa pia kwenye chesisi yenyewe, upande wa kulia mbele, mahali panapopenda matope na kutu. Fundi husugua kwa brashi ya waya, taratibu, hadi herufi SAL za mwanzo zisomeke, kisha hupiga picha. Chesisi za Defender huoza, na nyingi zimebadilishwa kwa mpya zilizopakwa zinki, ambazo huenda hazina namba iliyogongwa. Ukarabati huo si kosa, lakini bila risiti zake gari hufanana na yale ambayo walaghai hutengeneza kwa kuhamishia kibati cha gari kuukuu kwenye gari jipya. Mwaka 2014 serikali ya Marekani ilikamata Defender zipatazo 40 kwa tuhuma za aina hiyo. Baadhi zilirudishwa kwa wenyewe baada ya mvutano wa kisheria.

Kabla ya kupakiwa, gari huoshwa chini kwa mashine ya presha, kwa sababu udongo wa kigeni hauruhusiwi kuingia, na Defender huficha udongo ndani ya mihimili ya chesisi. Kwa gari linalosafiri ndani ya kontena, taarifa ya mzigo hupelekwa forodhani saa 24 kabla ya kupakiwa melini.

Bandarini wakala wa forodha hujaza fomu tatu: HS-7 ya usalama, 3520-1 ya EPA na 7501 ya ushuru. Ushuru wa msingi wa gari la abiria ni asilimia 2.5, wa gari la mizigo asilimia 25. Huu wa pili huitwa kodi ya kuku: uliwekwa miaka ya 1960 kulipiza ushuru wa Ulaya kwa kuku wa Marekani, kuku wakasahaulika, kodi ikabaki. Defender yenye viti na madirisha nyuma na ile ya pikapu hazitazamwi sawa, kwa hiyo picha za ndani huambatanishwa na nyaraka.

Forodha ikiliachia gari, usajili wenyewe ni kazi ya jimbo. Kwa kawaida hutakiwa V5C, hati ya mauziano, fomu 7501 yenye muhuri na ukaguzi wa namba ya chesisi. Land Rover za kabla ya miaka ya 1980 zina namba fupi kuliko tarakimu 17 ambazo kompyuta husubiri, na karani huweza kuikataa hadi amwite msimamizi. California ni ngumu zaidi: hudai magari ya mwaka 1975 na kuendelea yatimize viwango vyake vya moshi, hata kama EPA imeyasamehe. Usukani wa kulia si tatizo. Bima hukatwa kwa thamani iliyokubaliwa mapema, kwani jedwali la kawaida la bei halina gari hili, na nakala halisi ya 7501 hutunzwa hata baada ya namba za jimbo kufungwa, maana mnunuzi wa jimbo jingine ataiulizia.