Kaboni Katika Kapu la Sokoni

Mtu atokaye Soko la Kariakoo, jijini Dar es Salaam, huenda akawa amebeba unga wa sembe, sukari, dagaa, mayai, chumvi na mkaa. Vitu hivi havifanani kwa sura wala ladha. Hata hivyo, vyote isipokuwa kimoja vimejengwa kwa elementi iliyo msingi wa miili ya viumbe vyote, yaani kaboni.

Jaribio. Mbele ya mwalimu, pasha moto sukari kidogo katika kijiko cha chuma. Itayeyuka, itageuka rangi ya kahawia, na mwishowe kitabaki kitu cheusi. Weusi huo ni kaboni. Hidrojeni na oksijeni zimetoka, hasa kama mvuke wa maji. Katika gramu 100 za sukari mna gramu 42 za kaboni. Unga na dagaa navyo vitaacha weusi. Chumvi haigeuki nyeusi, kwani ni sodiamu na klorini tu.

Lakini kaboni haijidhihirishi kwa weusi peke yake. Ganda la yai ni jeupe; ukilidondoshea siki, hutoa mapovu ya kaboni dioksaidi.

Kaboni ya chakula imetoka hewani. Kati ya molekuli 10,000 za hewa, 4 hivi ni za kaboni dioksaidi. Mimea huzinasa kwa nguvu ya jua na kuunda wanga. Nasi tunaila mimea, au wanyama walioila. Mtu mwenye uzito wa kilo 60 ana takriban kilo 11 za kaboni mwilini.

Mchoma mkaa hurudia jaribio letu kwa kiwango kikubwa: huzifunika kuni kwa udongo ili hewa iwe haba, kaboni ibaki. Mkaa ukiungua penye hewa ya kutosha, gramu 12 za kaboni huungana na gramu 32 za oksijeni kufanya gramu 44 za kaboni dioksaidi. Oksijeni ikipungua, hutokea kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hiyo hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili ukakosa oksijeni.

Basi mkaa uliokolea bila moshi usitudanganye. Jiko lililoingizwa chumbani usiku wa mvua, milango ikafungwa, laweza kuua waliolala. Anayeumwa kichwa na kuona kizunguzungu karibu na jiko atolewe nje mara moja, kisha apelekwe hospitali.

Mkakati wa taifa wa mwaka 2024 unakusudia asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Gesi ya mitungi nayo ina kaboni; kwa hiyo dirisha la jikoni lisifungwe.

Maswali
1. Kwa nini kaboni ya mkaa ni ya hewani kwa asili?
2. Gramu 36 za kaboni zikiungua kikamilifu, zitatoa gramu ngapi za kaboni dioksaidi?