Somo la Usafirishaji: Breki Zisizogandisha Magurudumu

Lori la mbolea literemkapo kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay, mwendo wa kilometa 66, maisha ya watu na mali ya chama hutegemea breki. Dereva akikanyaga kwa nguvu penye utelezi, magurudumu huganda. Gurudumu lililoganda halishiki njia, wala gari halitii usukani.

Mwaka 1981, huko Ujerumani, kampuni za Mercedes-Benz na WABCO zilileta dawa ya tatizo hilo kwa magari mazito yenye breki za upepo. Kwenye gurudumu hufungwa pete ya meno na kihisio kinachopima kasi yake. Habari hizo hupokelewa na kikokotoo cha kielektroniki. Kikitambua kwamba gurudumu linakaribia kuganda, huiamuru vali ipunguze upepo wa breki. Gurudumu likishika kasi, upepo hurudishwa. Hayo hutendeka mara kadhaa katika sekunde moja. Kwa hiyo dereva hukanyaga bila kuachia.

Hata hivyo, mtambo huu haupozi breki. Katika mteremko mrefu dereva hana budi kutumia gia nzito, injini isaidie kulizuia gari. Tena, taa yake ya onyo ikiendelea kuwaka safarini, mtambo una hitilafu, ingawa breki za kawaida huendelea kufanya kazi.

Katibu na aikague taa hiyo kabla ya kutia saini mkataba wa kukodi lori.

Maswali ya kujadili:
1. Kikokotoo hupata wapi habari zake?
2. Kwa nini gia nzito bado ni ya lazima?