Mafunzo ya Mbio Fupi

Mwaka 2021, mjini Nairobi, Ferdinand Omanyala, aliyekuwa mchezaji wa raga, alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77. Hakuna Mwafrika aliyeufikia upesi huo kabla yake.

Basi kijana wa Bungoma au Kitale atakaye mbio fupi asijichoshe kwa maili nyingi kila asubuhi. Hiyo ni kazi ya wakimbiaji wa mbio ndefu. Na achague mahali penye mwinuko mdogo, apande kwa nguvu zake zote hatua 30, kisha arudi polepole na kupumzika dakika 3 kamili. Akikimbia tena angali akihema, mwili hujizoeza uzito, si wepesi. Aondokapo, ainame mbele na kuisukuma ardhi nyuma, wala asiinue kichwa mapema; wengi hushindwa hapo.