Majani ya Bwawani Ndani ya Geto: Kuanza na Mimea Hai Kwenye Tangi la Samaki

Wanachuo wenzangu, kabla hujasema mambo ya tangi la samaki ni ya watu wa Masaki, ngoja kwanza. Nazungumzia Masaki ya Dar, si ile Masaki yetu ya Kisarawe unayoipita ukielekea kwetu Maneromango. Tangi langu lipo juu ya meza ya kusomea, geto, na fundi vioo wa mtaani ndiye aliyelikata na kuliunga kwa silikoni. Lina sentimita 60 kwa 30 kwa 30, yaani lita 54 likijaa mpaka juu. Halina mashine ya hewa. Ndani yake kuna mimea ya aina tatu na samaki saba, na umeme ukikatika usiku sikurupuki kitandani kama zamani.

Zamani ni mwaka jana. Bumu lilipoingia nilinunua tangi, nikarudi nyumbani likizo kuchukua udongo. Nilifikiri hivi: mmea ni mmea, na mmea unapenda mbolea. Nikachanganya udongo wa shambani na samadi ya mbuzi, nikatandaza chini ya tangi, nikajaza maji ya bomba yaliyotoka muda huohuo, nikapanda, na jioni ileile nikatia samaki. Samaki wale walinunuliwa na mdogo wangu wa darasa la tano kwa hela aliyopata kwa kuuza maembe. Alinikabidhi kwenye mfuko wa nailoni akaniambia, "Kaka, uwe unaniambia wanavyokua."

Siku ya tatu maji yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Samaki wote walikuwa juu wakihema kwa midomo. Siku ya tano hakubaki hata mmoja. Dogo akipiga simu namwambia wazima, wanakula vizuri. Nilidanganya miezi miwili.

Sasa tuseme kilichotokea, maana ndilo somo lenyewe. Kinyesi cha samaki, mabaki ya chakula na kitu chochote kinachooza majini hutoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Katika maji yaliyokomaa wapo bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kiasi. Bakteria hao hawaji siku moja. Katika tangi jipya huchukua wiki nne mpaka sita kuzaliana vya kutosha. Mimi niliweka samadi, kiwanda cha amonia, mahali ambapo hapakuwa na bakteria, na mimea haikuwa imeshika hata mzizi. Juu ya hapo maji ya bomba yalikuwa na klorini. Samaki hawakuwa na pa kukimbilia.

Mimea hai inasaidia hapo hasa. Hufyonza amonia moja kwa moja kama chakula, kwa hiyo tangi lenye mimea mingi tangu mwanzo lina wasaidizi wawili badala ya mmoja. Lakini lazima mimea iwe inakua. Jani linalooza halisaidii, linaongeza mzigo.

Likizo iliyofuata nilirudi Maneromango nikiwa nimesoma kidogo. Nilimkuta babu barazani. "Shikamoo babu." "Marahaba. Nasikia umekuja kuchota majani ya bwawani, uyapeleke mjini?" Akacheka mpaka akakohoa. Kwa kweli hata mimi ningecheka. Dogo ndiye hakucheka. Aliuliza samaki wake wana ukubwa gani sasa, nikashindwa, nikamwambia ukweli. Alinyamaza kidogo, halafu akaanza kukunja suruali. "Basi nitaingia mimi bwawani, nikuchukulie majani mazuri."

Nikamshika mkono. Nilipokuwa darasa la nne nilikojoa damu. Wenzangu waliniambia ni dalili ya kuwa mwanaume, na niliamini, kwa sababu nusu ya darasa tulikuwa hivyo. Ilikuwa kichocho. Kimelea chake huishi ndani ya konokono wadogo wa maji baridi, hutoka majini zaidi mchana wa jua kali, na huingia mwilini kupitia ngozi hata kama haina jeraha. Dawa yake ipo, prazikwanteli, na ukanda wetu wa Pwani unaijua vizuri. Lakini ukirudi kwenye maji yaleyale unaambukizwa tena.

Kwa hiyo hakuna aliyeingia. Tulivuta mimea kwa mti mrefu wenye kulabu, mimi nikiwa na gambuti na glavu za mpira. Kama una hela ya kununua mimea kwa wauzaji wa samaki wa mapambo, nunua, itakuondolea nusu ya kazi hii. Na usichote kwenye misitu ya hifadhi kama Pugu na Kazimzumbwi bila kibali, wala kwenye bwawa la watu bila kuwaomba.

Mimea ya bwawani isiingie tangini moja kwa moja. Isuuze kwa maji ya bomba glavu zikiwa bado mkononi, kisha iloweke kwenye maji ya shabu, ileile ya kusafishia maji nyumbani. Mimi natia vijiko vitatu vya mezani vya shabu iliyosagwa kwa lita nne za maji, saa mbili mpaka tatu. Suuza tena, halafu ikae ndoo safi wiki mbili, ukiikagua. Mayai ya konokono huonekana kama ute mzito uliogandia chini ya jani. Ukimwona konokono, mtoe kwa kijiti, mponde, anza upya. Vimelea vilivyokwisha kutoka kwa konokono haviishi majini zaidi ya siku mbili hivi, kwa hiyo adui wako ni konokono aliyejificha. Na funika ndoo kwa chandarua, la sivyo utafuga mbu. Dar tumeshaonja dengi mwaka 2014 na 2019, inatosha.

Mmea gani uanze nao? Mimi nasema *Ceratophyllum demersum*, ule laini unaofanana na mkia wa paka. Hauna mizizi kabisa, unauacha uelee au unaufunga kwenye jiwe, na unakua haraka mno. Wa pili ni *Vallisneria*, wenye majani marefu kama utepe, unaoota wenyewe hata kwenye Ziwa Tanganyika. Huu unapandwa mchangani, lakini pale majani yanapoanzia pabaki wazi, vinginevyo unaoza. Wa tatu, *Anubias*, asili yake ni Afrika Magharibi na Kati, na huupati bwawani kwetu, utaununua. Una shina nene lililolala kama tangawizi. Watu wengi huufukia shina lote wakidhani wanaupenda, nao unakufa taratibu. Ufunge kwa uzi kwenye jiwe au gogo. Yungiyungi ni zuri lakini litakulia tangi zima, liache bwawani.

Usishtuke mmea ukipukutika majani wiki ya kwanza. Mingi ya dukani imekuzwa majani yakiwa nje ya maji, kwa hiyo huyaangusha na kuota mengine ya kuishi chini ya maji. Toa yaliyooza, subiri.

Chini ya tangi naweka udongo wa kawaida usio na mbolea, sentimita mbili, niliouchekecha na kuuosha, kisha mchanga mnene wa mto sentimita nne juu yake. Sisi watu wa Pwani tuna kishawishi cha kupamba kwa simbi na mawe ya matumbawe. Ni chokaa hiyo, inayafanya maji kuwa magumu. Jiwe lolote usilolijua lidondoshee siki, likitoa povu liache nje. Maji ya bomba yaache ndooni wazi siku moja au mbili klorini iondoke. Ukinusa bado, ongeza siku.

Mwanga saa sita mpaka nane kwa siku unatosha, kwa taa ya LED au dirisha la jua la asubuhi. Mwanga wa siku nzima hauharakishi mimea, unakuza mwani wa kijani kwenye vioo. Ikitokea hivyo punguza saa za taa, punguza chakula cha samaki, ongeza mmea. Mambo ya mitungi ya kaboni dayoksaidi na chupa za hamira na sukari usiyaguse mwaka wa kwanza.

Kuna jambo moja vitabu vya nchi za baridi hawalisisitizi sana. Maji ya nyuzi 20 hubeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita, ya nyuzi 30 hubeba kama 7.5 tu, na geto la Dar unalijua lilivyo. Mchana mimea inatoa oksijeni, usiku nayo inaitumia kama samaki. Kwa hiyo tangi lisilo na mashine lisijazwe samaki. Saba wadogo wananitosha, nawalisha kidogo mara moja kwa siku, na kila wiki nabadilisha robo ya maji. Asubuhi na mapema nawatazama: wakiwa juu wakihema, mzigo umezidi.

Niliwatia samaki wiki ya sita baada ya kupanda, wawili kwanza. Dogo ndiye aliyewachagua. Alitaka wale wadogo wenye rangi wanaotokea kwenye madimbwi ya mvua, ambao tulipokuwa watoto tulidhani wanadondoka na mvua yenyewe. Wapo wa jenasi *Nothobranchius* ukanda huu wa Pwani: dimbwi likikauka wanakufa wote, mayai yao hubaki hai ndani ya tope kavu mpaka mvua irudi. Nilimwambia hao tuwaache kwenye dimbwi lao, tukanunua gapi.

Mimea sasa inazidi, kila mwezi napunguza lundo. Haimwagwi mtaroni wala mtoni. Gugu maji lililoziba kingo za Ziwa Victoria katika miaka ya 1990 lilikuwa mmea wa mapambo uliotoka Amerika Kusini. Yangu naianika juu ya bati mpaka ikauke kabisa, ndipo naitia kwenye ndoo ya mchicha. Dogo naye ameniomba kipande cha mkia wa paka aanzishe kwenye beseni lake, na nimeshamwekea kwenye ndoo, bado wiki moja ya ukaguzi.