Kibubu cha Mtoto

Wazazi wengi, wa mjini na wa shamba, wauliza kama yafaa kumpa mtoto mchezo wa simu umfundishao kutunza fedha. Jibu letu tutaanza kulitafuta Handeni na Korogwe, maana huko jambo lililo karibu na hilo limekwisha kujaribiwa.

Tangu mwisho wa mwaka 2017 hadi mwanzo wa 2019, watoto karibu 3,000 wa vijiji 170 vya Mkoa wa Tanga, wakiwamo wa wilaya hizo mbili, walipewa vishikwambi vyenye michezo ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Yalikuwa mashindano ya dunia yaitwayo Global Learning XPRIZE, nayo UNESCO na Serikali yetu zilishiriki. Wengi wa watoto hao hawakuwa wamepata kwenda shule, na zaidi ya tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 hesabu ya wasioweza ilikuwa imepungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 makundi mawili, onebillion na Kitkit School, yaligawana tuzo kuu ya dola milioni 10 za Marekani.

Basi mchezo wafundisha, hilo tusibishane. Nao wanaodharau michezo wakumbuke bao: ni nani aliyejifunza kuhesabu kete kwa kuchapwa?

Lakini kuhesabu ni jambo moja, na kujizuia ni jambo jingine. Katika mchezo, mtoto akimaliza sarafu zake huanza upya, wala hakosi kitu. Fedha ya kweli haianzi upya. Tena fedha ya siku hizi haionekani. Baba aliye kazini Korogwe amtumia mama aliye Handeni shilingi 20,000 kwa simu. Mtoto asikia mlio tu. Mwiteni. Mwonyesheni ujumbe, naye aseme zimeingia ngapi, zitakatwa ngapi wakati wa kutoa, na mkononi zitabaki ngapi. Somo hilo halihitaji programu yoyote.

Na kibubu je? Hapa hatuna budi kusema wazi. Mtoto amesaidia kuuza maembe siku ya gulio, akapewa shilingi 200 zake, akazitumbukiza kibubuni akitamani mpira. Hufanya hivyo miezi mitatu. Kisha unga waisha, na usiku mzazi apasua kibubu, anunua unga, wala hasemi neno. Hatumlaumu kwa unga. Watu sharti wale. Twamlaumu kwa kunyamaza. Maana asubuhi ile mtoto amejifunza kwamba awekaye ndiye anyang'anywaye, na kwamba mwenzake aliyezila zake kwa maandazi alikuwa na akili kuliko yeye. Hakuna mchezo wa simu utakaomfundua hayo.

Mwombeni, kama mnavyomwomba mtu mzima. Akikubali, hesabuni pamoja naye, mkaandike deni ukutani kwa mkaa, mahali atakapoliona kila siku. Na mahindi yakiuzwa, mlipeni yeye kabla ya mwenye duka.